Mtoto akinyoosha kidole, tusemeje?

SWALI: Ninaandika kumbukumbu za ukuaji wa binti yangu, ana miezi 11. Hajatamka neno, ila kila anachokitaka anakinyooshea kidole. Rafiki yangu anasema "kunyooshea kidole" ni kulaumu, niandike "anaashiria". Nani yuko sahihi? Na je, kuzoea mikono kutamchelewesha kusema?

JIBU: Rafiki yako ana hoja, ila ameikaza mno. Kumnyooshea mtu kidole, au kumsonta, ni kumlaumu kweli. Lakini kikombe hakilaumiwi, kwa hiyo "anakinyooshea kikombe kidole" haina kosa. Ukitaka kuepuka utata kabisa, andika "anakionyesha kwa kidole". "Kuashiria" mimi ningeliacha, ni pana mno: mtu huashiria kwa jicho, kwa kichwa, hata kwa kikohozi, na mawingu nayo huashiria mvua. Kidole cha shahada cha mtoto kinachagua kitu kimoja kati ya vingi na kumwita mwenzake akitazame.

Kazi hiyo ndiyo ya "hiki" na "kile". Sema "nataka kile" mikono ikiwa mfukoni na macho umeyafumba: sarufi imetimia, msikilizaji hajapata kitu. Au sema "nyoka alikuwa mrefu hivi". Neno "hivi" limeacha pengo, na mkono ndio unaoliziba. Ndiyo maana sikubali ishara ziitwe pambo la usemi. Mwaka 1998 watafiti Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walieleza kwamba hata waliozaliwa vipofu hutumia mikono wanapozungumza, tena wakizungumza na kipofu mwenzao.

Mikono huifuata lugha pia. Sotaro Kita na Aslı Özyürek, mwaka 2003, walichunguza watu waliosimulia katuni ya paka anayebembea kwa kamba. Wasemaji wa Kiingereza, wenye kitenzi cha tendo hilo, walichora upinde hewani. Wasemaji wa Kijapani na Kituruki, ambao lugha zao hazina kitenzi cha karibu namna hiyo, mara nyingi walipeleka mkono moja kwa moja. Katuni ni ileile. Sisi tuna "bembea", na ningependa sana kuona mikono yetu ingechora nini.

Sasa binti yako. Watoto wengi huanza kuonyesha kwa kidole kati ya miezi 9 na 12, kwa hiyo yuko pale pale anapotarajiwa kuwa. Baadaye huja hatua ninayoipenda kuliko zote: mtoto anasema "mama" huku kidole kikielekea kwenye kiatu. Kiatu cha mama! Neno ni moja, wazo tayari lina sehemu mbili. Iverson na Goldin-Meadow walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto waliotangulia kuunganisha neno na ishara kwa namna hiyo ndio waliotangulia kuunganisha maneno mawili. Mkono haumcheleweshi mtoto, unamfungulia njia. Akionyesha kitu, kitaje palepale: "Ee, kiatu cha mama."

Na katika kumbukumbu zako, siku atakaposema "mama", andika pia kidole kilikuwa kimeelekea wapi. Ukiandika neno peke yake, nusu ya alichosema itakuwa imepotea.