Hataki kwenda kwenye kikundi, anasema yeye si kichaa

SWALI: Dada habari za kazi. Nina mtoto wa miaka 10 wa malezi ya kambo, kabla ya kwangu alishapita nyumba mbili. Afisa ustawi kaleta fomu ya programu ya kukinga matatizo ya afya ya akili, watoto wanakutana kila wiki. Kagoma, anasema "mimi si kichaa". Na kweli anakula, analala, shule anaenda. Nimlazimishe au niachane nayo?
Mama Mlezi

JIBU: Mama hongera kwa kulea. Usimlazimishe, lakini usiachane nayo.

Mimi namwelewa kabisa huyo mtoto, kila akihama anakutana na mtu mpya ameshika faili lake, anamuuliza yaleyale ya kwao, akishazoeana naye kidogo huyo mtu haonekani tena, sasa akisikia programu anajua ndo walewale. Na hiyo kuonekana yuko sawa isikutulize sana, wapo wanaonyamaza na kuwa wapole kwa kuogopa wakisumbua watahamishwa tena. Kinga ni sasa hivi akiwa mzima.

Kule Denver, Marekani, ndo ilikoanzia programu inaitwa Fostering Healthy Futures, ya watoto wa miaka 9 hadi 11 waliotolewa kwao, inaenda wiki 30. Mbali na kikundi mtoto anapewa mtu wake, mwanafunzi wa chuo anayesomea ustawi wa jamii, wanatoka wote kila wiki na huyohuyo ndo anampeleka kikundini na kumrudisha. Utafiti wao wa 2010 ulionyesha waliopata programu walikuwa na dalili chache za matatizo ya afya ya akili kuliko wasiopata. Kwa maoni yangu huko kwenda na kurudi pamoja kuna kazi kubwa, maana mtoto wa miaka 10 ukimkalisha mkatazamana usoni hasemi kitu, ila njiani akiwa anaangalia dirishani anaanza kusema mwenyewe.

Kwa hiyo usimwambie "unaenda kusaidiwa". Mwambie kuna watoto wengine nao hawaishi kwao, wanakutana, wanacheza, wanajifunza ukikasirika ufanyeje. Aende siku moja akaangalie, akitaka kukaa kimya akae, halafu mwache aamue na jibu lake uliheshimu, mwezi ujao unamuuliza tena. Mweleze pia ukweli kwamba atakayoyasema huko hayaandikwi yote kwenye faili lake, isipokuwa kama kuna hatari kwake au kwa mwingine (hili hakikisha na waendeshaji kwanza, usiahidi kitu usichokijua).

Siku ya kikundi isigongane na siku ya kuonana na mama yake, hapo utampoteza. Akianza kusema anataka kujiumiza au kufa usingoje kikundi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na kabla hujasaini fomu muulize afisa ustawi: mtoto akihamishwa nyumba, ataendelea na kikundi hikihiki na mtu huyuhuyu? Akisema hapana, mbane mpaka wapange.