Maswali Yenu ya Reli: Leo Zamu ya Virginian na Makaa Yake

Tangu niigusie Virginian Railway, ile reli ya makaa ya mawe ya kule West Virginia, maswali yamemiminika. Nimechukua yenye kichwa na miguu, pamoja na hili la kwanza ambalo halina vyote viwili.

Virginian ndo zile treni za Richard Branson?

Hapana. Zile zilikuwa Virgin. Hii ilipata jina lake 1907. Nimeshaulizwa hili mpaka basi, someni kidogo kabla ya kutuma jamani.

Mkuu, kulikuwa na C&O na Norfolk & Western tayari (yani reli kubwa za Chesapeake and Ohio na Norfolk and Western), kwanini mtu ajenge reli nyingine pembeni yao? Si kupoteza hela?

Nauli ya mzigo ndugu yangu. Kila siku nalia na hili, watu wanapenda kusikia habari za injini na mahandaki ila ukitaka kuielewa reli yoyote ya makaa uliza nani anapanga bei ya kubeba tani moja.

William Nelson Page, injinia aliekuwa anakaa Ansted, West Virginia, alianzisha kareli kadogo 1898, Deepwater Railway, ka kutoa mbao na makaa milimani mpaka mto Kanawha ilikopita C&O. Alipotaka kukabidhi mabehewa yake kwa wakubwa, C&O upande mmoja na N&W upande wa pili, wote wawili wakamtajia mgao wa nauli ambao ni kama kumwambia afunge duka aende zake. Na sio bahati mbaya, kipindi hicho Pennsylvania Railroad, reli nyingine kubwa, ilikuwa na hisa huku na huku, yani hao washindani walikuwa wanakula sahani moja. Wasichojua ni kwamba nyuma ya Page yupo Henry Huttleston Rogers, kigogo wa Standard Oil, kampuni ya mafuta iliyowakaba wenzake kwa kupewa punguzo la siri la nauli za reli. Huyo sio mtu wa kumtisha kwa nauli, huo mchezo anaujua kuliko wao.

Sasa angalia walivyocheza. 1904 wakaandikisha kampuni ya pili, Tidewater Railway, jimbo la Virginia, kupitia mawakili wa Staunton, na kwenye makaratasi haina undugu wowote na Deepwater. Moja inajenga kuja mpakani mwa West Virginia na Virginia, nyingine inajenga kutoka mpakani mpaka baharini Sewell's Point, pale Norfolk, na wakubwa wakija kushtuka njia imeshapatikana. Machi 1907 Tidewater ikabadili jina kuwa Virginian, Aprili ikaichukua Deepwater, Page akawa rais wa kwanza. Deepwater hadi Sewell's Point ni kama kilomita 700.

Na kabla hamjasema hayo ni ya Wamarekani, makaa ya Ngaka, kule Ruvuma, yanaenda bandari ya Mtwara kwa malori. Pigeni hesabu wenyewe faida inaishia wapi.

Shikamoo mzee. Ni kweli Rogers alijenga kwa hela yake mfukoni?

Marahaba mwanangu. Sehemu kubwa ndio, inatajwa kama dola milioni 40, na katikati ya ujenzi ikaingia ile taharuki ya mabenki ya 1907 ikamtikisa kweli kweli. Msumari wa mwisho ulipigwa 29 Januari 1909 kwenye daraja la New River, Glen Lyn. Aprili Norfolk wakamfanyia sherehe, mwandishi Mark Twain rafiki yake akaja, afu tarehe 19 Mei Rogers akafa. Hakuifaidi hata miezi minne.

Juni mwaka huo huo Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi, akapita kwenye reli hiyo na behewa binafsi la marehemu akihutubia watu weusi stesheni kwa stesheni, na hapo ndo watu wakaanza kujua Rogers alikuwa anatoa hela za shule zao kimya kimya. Msimgeuze mtakatifu lakini, waulizeni aliowafilisi kwenye mafuta.

Injini kubwa kuliko zote walikuwa nazo ipi?

Injini za mvuke za aina ya AE, 1918, zilikuwa 10. Silinda za mbele zilikuwa na kipenyo cha inchi 48, mtu mfupi anapita humo bila shida, ikabidi zisafirishwe kutoka kiwandani silinda na kibanda cha dereva vimefunguliwa maana njiani zisingepita. Kwenye kile kilima cha kutoka Elmore kwenda Clarks Gap, mwinuko wa zaidi ya mita 2 kwa kila 100, moja ya aina nyingine inavuta mbele, AE mbili zinasukuma nyuma, na treni bado inatambaa kama kilomita 9 kwa saa. Ndo maana miaka ya 1920 wakaweka umeme Mullens mpaka Roanoke, wakajenga na mtambo wao wa kuzalisha umeme pale Narrows.

Kama ilikuwa na faida kwanini ilimezwa?

Ilimezwa KWA SABABU ya faida. Yani mnadhani kampuni inanunuliwa ikiwa mbovu tu? N&W iliitaka toka 1925, ikaomba kuikodi, tume ya serikali iliyosimamia reli, ICC, ikakataa. Wakasubiri. 1 Desemba 1959 wakaipata, na walichonunua hasa ni mteremko: kutoka Roanoke kwenda baharini Rogers alikataa kulipua kazi, akachimba mpaka mwinuko ukawa mdogo kabisa, kama sentimita 20 kwa kila mita 100, behewa zilizojaa zinaenda kama maji. N&W wakapitisha mizigo kwa Virginian, matupu yakarudi kwa njia yao. Umeme ukawa hauna kazi tena maana treni zinaenda upande mmoja, 1962 wakauzima, na injini 12 za umeme ambazo hazijafika hata miaka 10 zikauzwa kwa reli ya New Haven. Mimi hapo bado nina hasira nao.

Nimeona cheti cha hisa cha Virginian kinauzwa mtandaoni, nikinunua nitadai gawio?

Utadai kwa nani? Kampuni haipo. Kikiwa na matundu ndo kimefutwa kabisa. Nunua kama ni cha kutundika ukutani, na ukiambiwa eti Norfolk Southern, ile iliyozaliwa 1982 N&W ilipoungana na reli ya Southern, lazima walipe, funga simu.

Kuna chochote kimebaki cha kuona?

Nenda Roanoke, jumba la makumbusho ya usafiri. Injini ya mvuke namba 4 ipo, na moja ya zile 12 za umeme ilirudi.