Si wote wanaokula kwa siri

Mmeuliza wiki hii: "Kwa nini mtu anakula vizuri, anafanya mazoezi, na bado uzito haushuki?" Linaloniwasha mimi ni jingine: kwa nini mtu huyo akisema hivyo haaminiki?

Nilimsindikiza dada yangu hospitali. Alikwenda kwa ajili ya magoti, si uzito. Muuguzi akampandisha kwenye mzani uliokuwa koridoni na kusoma namba kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aliisikia. Ndani, dada akamtolea daktari daftari lake: milo yote, matembezi ya asubuhi, hata saa za kulala. Daktari akafunua kurasa mbili, akalisukuma pembeni, kisha akanigeukia mimi badala ya mgonjwa: "Na usiku huyu anakula nini?" Kana kwamba nimeletwa kutoa ushahidi! Nikamwambia anakula kilichoandikwa humo. Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo linaloniandikisha barua hii. Magoti hakuyagusa. Apunguze kilo kwanza ndipo arudi, alisema, dada akauliza apunguze vipi zaidi ya hapo, akajibiwa, "Jitahidi, mama." Njia nzima ya kurudi dada alikuwa akilirudia hilo "jitahidi" kwa sauti ya daktari, mpaka nikamwomba aache.

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza: unatumia dawa gani? Dada alikuwa na miezi mingi kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu ya baridi yabisi. Dawa hiyo huchochea hamu ya kula, huufanya mwili ushike maji, na hurundika mafuta usoni na tumboni. Si siri, imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Akaanza kupunguziwa dozi taratibu (msiache wenyewe ghafla, ni hatari), akapimwa na tezi ya shingo, maana ikilegea nayo huongeza uzito. Tezi haikuwa na tatizo.

Sasa niwaudhi wenzangu tunaohangaika na uzito. Daktari huyu naye alilisoma daftari, lote, akauliza mafuta ya kupikia yako wapi. Hayakuwemo. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Tena upo utafiti wa Marekani wa mwaka 1992, juu ya watu waliolalamika hivi hivi kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Walipopimwa, ilionekana wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na miili yao ilikuwa ikichoma nishati kawaida tu. Siwaiti waongo, jicho la mtu si mizani. Lakini nilipoanza kuandika nilitaka swali la "unakula nini" lipigwe marufuku, na sasa naona lile la daktari wa kwanza halikuwa la kipuuzi. Liliulizwa vibaya, na kwa mtu asiyehusika.

Ila msilishike hilo peke yake. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine juu ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, Marekani hiyo hiyo. Miaka sita baada ya shindano, karibu wote walikuwa wamerudisha kilo, na mwili ukiwa umetulia ulichoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado unabana matumizi. Huyo naye mtamwambia ajitahidi?

Dada alipungua kidogo, kisha mzani ukagoma tena. Magoti yana nafuu, kwa dawa nyingine na mazoezi ya misuli ya mapaja.

Basi tuulizeni tunachokula, lakini baada ya dawa, tezi na usingizi, na mlango ukiwa umefungwa. Kwa asiyetumia dawa yoyote, tezi yake nzima, na anapima kila kijiko, sina zaidi ya hilo la 2016, na najua halimfariji mtu.