Naomba, lakini sisikii kitu

SWALI: Shikamoo dada. Naandika saa nane usiku maana usingizi umekata kama kawaida. Nimeokoka muda mrefu, naimba kwaya, watu wananiona niko freshi tu, ila huu mwezi wa nne sasa ndani nimekauka. Kuamka asubuhi ni vita, moyo unaenda mbio bila sababu, chakula hakina ladha, nikishika Biblia nasoma mstari mmoja mara tano na hauingii. Nimefunga, nimeombewa, nimepakwa mafuta. Mama mmoja wa maombi akaniambia mwenye Roho Mtakatifu hawezi kuwa na hofu, imeandikwa "Msijisumbue kwa neno lo lote", kwa hiyo nitafute dhambi iliyojificha. Nimeitafuta mpaka nimechoka. Kuna siku naomba nilale nisiamke. Je, nimepoteza imani? (Msomaji aliyechoka)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka kama vile haina uzito, ya kulala usiamke. Hiyo mi siiruki. Leo hii, usisubiri Jumapili, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie kwa maneno hayo hayo ulivyoniandikia, usiyapambe. Na ukiona mawazo yanatoka kwenye kutamani yanaingia kwenye kupanga, usikae peke yako hata dakika, mwambie huyo mtu akupeleke hospitali usiku huo huo akae na wewe. Wahudumu wa pale hutakuwa wa kwanza kuwaambia, hawatakushangaa.

Sasa hayo mengine. Usingizi kukata, ladha kupotea, akili kushindwa kushika mstari mmoja, moyo kwenda mbio, yaani umeniorodheshea dalili za sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi karibu zote halafu unaniuliza kuhusu dhambi. Madaktari wanasema hali kama hii ikikaa wiki mbili na kuendelea, karibu kila siku, inafaa kuangaliwa, na wewe uko mwezi wa nne. Nenda kaonane na daktari. Anaweza kutaka kupima damu kwanza, maana upungufu wa damu au tezi ya shingoni ikilegea inaweza kumfanya mtu achoke na kuzama hivyo hivyo, na hakuna mfungo utakaoirekebisha tezi. Kama ni sonona yenyewe kuna kaunsela wa kukaa naye mkazungumza kwa utaratibu, na kuna dawa. Ila dawa zake siyo za kumeza leo kesho ukaamka mzima, zinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa siku ya nne.

Haya, tuje kwa huyo mama wa maombi. Naamini alikuwa na nia njema, ila aliushika mstari kama fimbo. Mstari wenyewe uko Wafilipi 4:6, na aliyeandika Wafilipi ni Paulo, na alikuwa kifungoni, siyo mtu aliyekaa kwenye kochi akishangaa kwa nini wenzake wana hofu. Tena mtu huyo huyo, ukifungua 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba huko Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Paulo huyo! Ukisogea sura ya 7 anasema walipofika Makedonia "nje palikuwa na vita, ndani hofu". Ndani hofu, kaandika mtume, na sijawahi kusikia mtu akimtafutia dhambi iliyojificha.

Ila mi napenda kinachofuata pale kwenye 7:6. Ungetegemea aseme Mungu alinifariji kwa maono au kwa malaika, si ndiyo? Hapana, anasema Mungu mwenye kuwafariji wanyonge alitufariji "kwa kuja kwake Tito". Basi. Rafiki kafika, kaja na habari za Wakorintho, na Paulo anauhesabu ujio huo kuwa ni Mungu mwenyewe kamfariji. Wewe umekuwa ukisubiri kusikia kitu moyoni ukiwa peke yako chumbani usiku, na husikii, halafu unahitimisha kwamba Mungu kaondoka au imani imeisha. Mi naona tatizo lako ni kwamba Tito hajui kama anahitajika, maana kila Jumapili unasimama kwenye kwaya unatabasamu.

Kuhusu kupoteza imani: kasome Marko 2, yule mgonjwa wa kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Wale waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi hata kama alikuwa na nguvu ya kuamini chochote siku ile, labda alikuwa amechoka kama wewe. Kwa hiyo kama mwezi huu huwezi kuomba, mwambie mmoja wa wanakwaya wenzako aombe kwa ajili yako, wewe kaa tu pembeni yake, hata ukisinzia. Ukitaka maneno yako mwenyewe chukua Zaburi ya 88, inaanza na kilio na inaishia gizani, haina ule mstari wa mwisho wa shangwe tuliouzoea, na bado iko ndani ya Biblia kama sala kamili.

Na usidhani ni waumini wadogo wadogo tu. Charles Spurgeon, mhubiri wa London aliyekuwa akijaza maelfu, mwaka 1856 akiwa na miaka 22 alikuwa anahubiri ukumbini mtu akapiga kelele kwamba kuna moto, wakati moto haukuwepo, watu wakakanyagana wakafa 7. Alivunjika moyo vibaya sana, na huzuni nzito ilimrudia rudia maisha yake yote, naye hakuificha, aliisema waziwazi kwa wasikilizaji wake.

Niandikie tena ukishaonana na daktari. Nasubiri kweli.

SWALI: Dada, mume wangu alianza dawa za sonona na alikuwa anarudi vizuri, anacheka, anakula. Juzi mtu akamwambia kumeza vidonge ni kumkosea Mungu imani, kaacha ghafla, sasa analalamika kizunguzungu na hasira. Nifanyeje? (Mke mwenye hofu)

JIBU: Mpigieni daktari wake leo. Dawa hizi kuziacha ghafla kunaweza kuleta hivyo hivyo, kizunguzungu, hasira, usingizi wa ajabu, kwa hiyo asidhani ni pepo, na asijirudishie dozi kwa kukisia. Kama siku moja ataziacha, daktari atampunguzia kidogo kidogo.

Kwa hilo la imani, usibishane na aliyemwambia, ongea na mumeo. Msomee Wakolosai 4:14, Paulo anamwita Luka "tabibu mpendwa", hakumwambia aache kazi yake. Na Timotheo mwenye tumbo bovu aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Halafu muulize kwa upole, zile wiki alizokuwa anacheka, alikuwa anaomba zaidi au kidogo? Mwache ajibu mwenyewe.