Maswali yenu ya uchumi: nguru wa kusi, duka la urithi na laki iliyokwenda

Maswali ya safari hii mengine yameingia kwa simu, mengine nimeulizwa barazani nikinywa kahawa zangu. Majina nimeyaacha.

Samaki twavua wenyewe hapa Lamu, hatuagizi nje. Mbona kusi ikiingia bei ya nguru haishikiki? Wachuuzi wanatunyonya tu. (Mama wa Langoni)

Mama, simtetei mchuuzi, ana yake na mimi nayajua, lakini jiulize mbona Januari hakunyonyi. Kuanzia kama Aprili mpaka Septemba kusi inavuma, bahari kuu inachafuka, vyombo vidogo havitoki nje, kwa hivo samaki wanaoshuka pale sokoni kando ya Ngome ni wachache na walaji ni wale wale. Bei inapanda mpaka mmoja anasema haya leo tunapika maharage, mwengine anachukua nusu kilo badala ya kilo, na hapo ndo samaki wachache wanawatosha waliobaki. Sasa angalia kambamawe mwezi wa Disemba. Bahari imetulia, wapo, lakini hoteli za Shela zimejaa wageni na kila hoteli inawataka, basi bei juu vile vile. Ukitaka kujua bei imepandishwa na nini usimuangalie mchuuzi usoni, angalia kiasi kinachouzwa: bei juu na mzigo umepungua, ujue tatizo liko kwenye upatikanaji, bei juu na mzigo unaouzwa umeongezeka, ujue wanunuzi ndo wamezidi.

Nina duka la vitambaa chini ya nyumba ya urithi, silipi kodi, kila mwezi nabaki na kama elfu 20. Hiyo si faida? (Dada, Mkomani)

Ni faida kwenye daftari dada yangu, lakini tuhesabu vizuri. Tuseme kuna mtu yuko tayari kukodi hicho chumba kwako kwa elfu 12, na wewe mwenyewe ukienda kumuuzia mtu dukani kwake utalipwa elfu 15. Hizo elfu 27 unaziacha kila mwezi ili upate 20, manake kiuchumi uko chini elfu 7 na hakuna alokuibia. Gharama ya kitu ni kile kizuri zaidi ulichokiacha ili ukipate, hata kama hakuna noti iliyotoka mfukoni, na watu wengi wenye nyumba zao wanajidanganya hapa kwa sababu hakuna anaekuja kugonga mlango mwisho wa mwezi kudai kodi. Ila sikwambii ufunge. Kama kukaa hapo chini kunakuwezesha kuwaona watoto wakitoka madrasa na husumbuliwi na bosi, na wewe waona hilo lina thamani zaidi ya elfu 7, basi umechagua sawa kabisa. Hesabu haikukatazi, inataka tu ujue unalipa.

Nimemwaga laki moja kwa mashini ya boti, sasa fundi ataka elfu 40 nyengine. Nikiacha si laki yangu imepotea?

Laki imeshapotea shekhe, utengeneze usitengeneze hairudi, itoe kwenye hesabu. Swali ni moja tu, elfu 40 ya leo itakuletea nini? Mashini ikipona ikawa yauzika elfu 70, na kama ilivyo hainunuliki hata bure, tengeneza. Kama hata ikipona haipiti 30, muache fundi aende zake.

Kwa nini serikali isiwalazimishe mabenki wapunguze riba, sisi wadogo tukopeke?

Ilishafanywa. 2016 ilipita sheria kwamba riba ya mkopo isizidi pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, watu tukashangilia. Sasa jiweke wewe ndo benki: anakuja muajiriwa wa serikali mwenye payslip, na anakuja mvuvi mwenye dau na msimu mmoja mbaya, wote wawili unaruhusiwa kuwatoza riba ile ile, utampa nani? Mabenki wengi wakaona heri wanunue hati za serikali, yaani waikopeshe serikali yenyewe ambayo haina wasiwasi, biashara ndogo zikakosa mikopo, na wengi wakaishia kwenye mikopo ya simu ambayo riba yake ukiipigia hesabu ya mwaka utashika kichwa. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Bei ikikatwa kwa lazima foleni haiishi, inabadilisha tu nani anasimama mbele, na mara nyingi si yule mliekuwa mnamuonea huruma.

Basi si wachape pesa tu wagawe?

Zimbabwe walichapa mpaka wakatoa noti ya dola trilioni 100, mwaka 2009. Noti zikizidi na unga haujaongezeka, ni bei ndo itakayopanda.

Mimi ni fundi wa kuchonga milango. Hata kupaka vanishi namshinda kijana ninaemlipa. Si nimuache nifanye yote mwenyewe?

Hilo swali David Ricardo, mchumi wa kiingereza, alilijibu 1817, akiwa na mfano wa Ureno na Uingereza. Ureno divai ya mwaka ilitaka kazi ya watu 80 na kitambaa watu 90, Uingereza divai 120 na kitambaa 100. Yaani Ureno ni hodari kwa vyote viwili, lakini kwenye divai ndo inamzidi muingereza zaidi, kwa hivo inailipa kushika divai ikanunua kitambaa kwake. Sasa rudi kwako: saa moja ya patasi yakuingizia kiasi gani, na saa moja ya vanishi unamlipa kijana kiasi gani? Kama patasi yaleta mara nne, kila saa unayoshika brashi unajikata mwenyewe, hata kama unang'arisha kumshinda. Siku ambayo hakuna oda ya mlango hata mmoja ni mambo mengine, saa yako siku hiyo haina pa kwenda, shika brashi.