Kabla hujanunua mtungi wa kimchi

Dada mmoja anayesafiri kwenda Seoul ameuliza kama Museum Kimchikan, makumbusho ya kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa) katika mtaa wa Insadong, panafaa kutembelewa, na kama anunue mtungi wa kuchachushia arudi nao. Majibu yote mawili ni ndiyo. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1986 na kuhamia Insadong mwaka 2015. Ila tafadhali, usimalize muda wako kwenye picha. Simama kwenye vyombo.

Mtungi wa Kikorea huitwa onggi. Udongo wake una chembe za mchanga, na ukishachomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 hubaki na vinyweleo vinavyopitisha hewa bila kuvujisha maji. Kimchi inapochachuka hutoa gesi; kwenye chupa ya kioo iliyokazwa, gesi hiyo husukuma kifuniko na mchuzi ukamwagika kabatini. Kwenye onggi hupata njia. Ukiona mtungi mkongwe umetoa chumvi nyeupe kwa nje, usidhani umeharibika. Umbo nalo lina sababu: mitungi ya kaskazini mwa Korea ina mdomo mpana ipate jua, ya kusini ina tumbo kubwa na mdomo mdogo ili jua kali lisikaushe kilichomo.

Dukani, ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kwa sauti kali ni mzima. Ukilia butu una ufa. Nyumbani ujaze maji, uuache usiku kucha juu ya gazeti kavu, asubuhi uangalie kama gazeti limelowa. Usiuoshe kwa sabuni hata mara moja, kwani vinyweleo huinyonya na ladha yake hurudi kwenye chakula. Maji ya uvuguvugu na brashi yanatosha, kisha uanike hadi ukauke kabisa.

Usiujaze pomoni, acha kama robo wazi, maana kabichi huumuka. Shindilia mpaka mchuzi uifunike. Jani linalochungulia juu ndilo litakaloota ukungu. Kwa joto la Dar au Mombasa, siku moja nje inatosha, kisha friji, kwa hiyo chagua mtungi mdogo unaoingia humo.

Na ukikutana na siru, chungu chenye matundu chini cha kupikia keki za mchele kwa mvuke, tazama kinapokutana na sufuria. Hapo huzibwa kwa donge la unga uliokandwa na maji, kuzunguka kote. Mvuke ukivuja hapo, keki hubaki mbichi katikati hata uongeze moto vipi.