Msaidizi "amefungua" au "imefungua"?

SWALI: Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Kijana wangu ameipanga kompyuta ifuate sauti. Nikitamka maneno mawili ya Kiingereza, maana Kiswahili haikisikii, inafungua folda ya kazi za wateja na fomu ya stakabadhi, mimi huku naendelea kutoa kopi. Ila tunabishana. Nikisema "msaidizi wa sauti amefungua folda," yeye anasema ni "imefungua", kwani kile si mtu. Tena yale maneno mawili anayaita "mkato", mimi "njia ya mkato". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama, kijana ana hoja, na huenda ameiokota mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki. Mgebuka, migebuka: kwa umbo ungedhani anakwenda na mti na miti. Lakini ni samaki, ana uhai, kwa hiyo migebuka *wamepanda* bei. Uhai umelishinda umbo. Kijana akageuza: kama chenye uhai huchukua a- na wa-, basi kisicho na uhai kinyimwe.

Hapo ndipo alipoteleza. Uhai huliingiza jina katika ngeli ya A-WA. Kukosa uhai hakulitoi. Marehemu *amezikwa*, wala hatusemi "imezikwa". Jina likihama kweli, huhama na wingi wake: mdoli, midoli. Sijasikia bado mtu akisema "misaidizi ya sauti". Maadamu wingi ni wasaidizi, umoja ni *amefungua*.

Hata hivyo simlaumu sana. Kichwani mwake kinachofungua folda ni kompyuta, na kompyuta *imefungua*, programu *imefungua*. Aseme hivyo bila kumtaja msaidizi, hakuna wa kumsahihisha. Na kama anataka jina lenye sura ya kifaa, alivike ki-. Tazameni hapo dukani: anayetoa vitabu ni mchapishaji, kinachotema karatasi ni kichapishi (najua, nyote mnasema printa). Kuna kikokotoo, kipaza sauti, kinasa sauti. Walimu wa sarufi nao wana kitenzi kisaidizi tangu zamani. Basi: *kisaidizi cha sauti kimefungua folda*. Mimi ningechukua hili. Linamaliza ubishi, na halinifanyi nidhani kuna mtu kajificha ndani ya kompyuta.

Kwenye "mkato" umeshinda wewe. Mkato peke yake ni koma. Mteja aliyekuletea barua ya kuchapa akikwambia "weka mkato hapa", hataki folda ifunguke. "Njia ya mkato" inaeleweka, ingawa ina kaharufu ka ujanja. Ninyi wa mpakani mnajua ilivyo jirani na njia ya panya.

Lakini hata wewe unachanganya vitu viwili. Tangu mwaka 2024, Windows 11 inamruhusu mtumiaji kujipangia maneno yake, kisha kila neno analifungia mfululizo wa kazi: fungua faili hili, bandika maandishi haya, bonyeza vitufe vile. Unachotamka ni *amri ya sauti*. Njia ya mkato ni ule mfululizo aliokupangia kijana, usiouona wala kuusikia. Kwa hiyo asubuhi, mbele ya mteja, unaweza kusema: "Nimetoa amri, kisaidizi kimefuata njia ya mkato, stakabadhi yako hii hapa."